Namna ya Kuandika Maisha ya Kimichezo ya Bingwa wa Kamogi

Mwandishi wa michezo aliyezoea kandanda huwa na maswali yake tayari anapotaka kueleza maisha ya mchezaji: alianzia timu gani, alinunuliwa kwa kiasi gani, aliitwa lini timu ya taifa, na amefunga mabao mangapi. Maswali hayo hayafai kwa kamogi, mchezo wa magongo wa wanawake wa Ireland, kwa sababu yote manne ama hayana jibu ama jibu lake lina maana nyingine. Hakuna mchezaji anayenunuliwa, hakuna timu ya taifa inayowania kombe la dunia, goli si njia pekee ya kufunga, na klabu ya kwanza ya mchezaji kwa kawaida ndiyo klabu yake ya mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuandika kwa Kiswahili wasifu wa bingwa wa mchezo huo ili msomaji aliye mbali na Ireland aelewe kwa nini mtu huyo anaitwa bingwa. Mifano imetoka hasa kwa wachezaji wanne: Kathleen Mills wa Dublin, aliyejulikana zaidi kwa jina la Kay, Angela Downey wa Kilkenny, na Rena Buckley na Gemma O'Connor wa Cork.

Msomaji auone mchezo kwanza

Aya moja ya kueleza mchezo inatosha, lakini isikosekane. Timu huwa na wachezaji 15, na kiwanja kina urefu wa mita 130 hadi 145, hivyo ni kikubwa kuliko cha kandanda. Kila mchezaji ana gongo la mbao lenye ncha bapa, na mpira ni mdogo, mgumu, wenye ganda la ngozi. Mpira huo waweza kupigwa ukiwa chini au ukiwa hewani, waweza kudakwa kwa mkono, na mchezaji hodari hukimbia nao ukiwa umetulia juu ya ncha ya gongo. Lango lina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ni goli, ambalo lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi 1. Mechi ya kaunti ya daraja la juu huchezwa kwa dakika 60.

Waandishi wengi hukimbilia kusema kwamba kamogi ni aina ya hoki. Ni vyema kuliepuka jambo hilo, kwa kuwa msomaji ataona mpira unaotambaa ardhini, ilhali sehemu kubwa ya ustadi wa kamogi inaonekana juu ya mabega. Ndugu wa kweli wa mchezo huu ni halingi, ambayo huchezwa na wanaume katika viwanja hivyo hivyo na kwa kanuni zinazokaribiana sana nazo.

Klabu, kaunti na kisiwa kizima

Hapa ndipo wasifu mwingi huharibika, kwa hiyo panahitaji subira. Mchezaji wa kamogi ana timu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni klabu ya eneo alikokulia au anakoishi, mara nyingi parokia moja tu yenye kanisa, shule na kiwanja. Ya pili ni timu ya kaunti, inayoundwa kwa kuchagua wachezaji bora kutoka klabu zote za kaunti hiyo. Katika mwaka mmoja mchezaji huyo huyo hutafuta ubingwa wa kaunti akiwa na klabu yake, kisha hujiunga na wapinzani wake wa jana kutafuta ubingwa wa Ireland Yote. Rena Buckley alicheza kamogi katika klabu ya Inniscarra na akaichezea kaunti ya Cork. Ukiandika kwamba alianzia Inniscarra kisha akahamia Cork, utakuwa umetunga uhamisho ambao haukutokea, kwa sababu Inniscarra imo ndani ya Cork na hakuiacha alipoitwa na kaunti.

Jina la klabu nalo laweza kukudanganya. Kay Mills, aliyezaliwa mwaka 1923 katika mtaa wa Inchicore jijini Dublin, aliichezea klabu ya wafanyakazi wa reli iliyoitwa Great Southern Railways. Mwaka 1945 kampuni hiyo iliunganishwa katika shirika la usafiri la CIÉ, na klabu ikajulikana kwa jina hilo. Mwandishi anayekuta majina mawili katika magazeti ya zamani asifanye haraka kusema kwamba Mills alibadilisha timu; aangalie kwanza kama klabu yenyewe ndiyo iliyobadilisha jina.

Eleza pia kwamba Ireland Yote ni kisiwa chote chenye kaunti 32, wala si Jamhuri ya Ireland peke yake. Antrim na Derry zimo Ireland Kaskazini, ambayo kisiasa ni sehemu ya Ufalme wa Muungano, lakini katika kamogi zinashindana na Cork au Galway bila mpaka wowote. Antrim ilitwaa kombe la daraja la juu mara tatu mfululizo kuanzia 1945 hadi 1947, na klabu ya Slaughtneil kutoka Derry imewahi kuwa bingwa wa klabu za Ireland Yote kwa misimu mitatu mfululizo. Kuwaita mabingwa hao washindi wa Jamhuri ni kosa ambalo msomaji wa Belfast hatalisamehe.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kazi ya mchezaji. Kamogi ni mchezo wa ridhaa; hata bingwa mwenye makombe mengi halipwi mshahara wa kucheza. Buckley ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na Gemma O'Connor alikuwa askari wa jeshi la Ireland. Katika wasifu wa mchezaji wa kulipwa kazi nyingine ni pambo tu, lakini hapa inaeleza mambo mengi: mazoezi yalifanyika jioni baada ya saa za kazi, na mtu aliweza kuacha kuichezea kaunti akiwa bado na nguvu kwa sababu ya ajira, ndoa au masomo. Kwa hiyo kazi itajwe mapema, karibu na klabu, isiachwe hadi aya ya mwisho.

Mweke mchezaji katika enzi yake

Kamogi ya mwaka 1942 na kamogi ya mwaka 2015 zina jina moja, lakini uwanja, idadi ya wachezaji na hata umbo la lango vimebadilika. Chama cha kamogi kiliundwa Dublin mwaka 1904, na rais wake wa kwanza alikuwa Máire Ní Chinnéide. Ubingwa wa Ireland Yote wa daraja la juu ulianza baadaye sana, mwaka 1932, na Dublin ndiyo iliyolitwaa kwanza Kombe la O'Duffy. Mchezaji hodari wa miaka ya 1920, kwa hiyo, hawezi kuwa na medali ya ubingwa huo hata angekuwa bora kuliko wote, na ukosefu wa medali usielezwe kama upungufu wake.

Kwa muda mrefu timu ilikuwa na wachezaji 12 tu, katika kiwanja kidogo kuliko cha halingi. Wachezaji 15 na kiwanja kikubwa vilikuja mwaka 1999. Hadi mwaka 1979 lango lilikuwa na mtambaapanya wa pili juu ya ule wa kawaida, na mpira uliopita juu ya huo wa pili haukuhesabiwa. Maana yake ni kwamba Kay Mills alipopiga kutoka mbali alihitaji kuupitisha mpira kati ya mbao mbili, wakati mshambuliaji wa leo anaweza kuurusha juu apendavyo ilimradi usitoke nje ya milingoti. Kulinganisha pointi za mchezaji wa enzi ile na za mchezaji wa sasa bila kulitaja jambo hilo si haki, na mimi nisingeweka jedwali la ufungaji linalochanganya enzi hizo mbili hata kama ningekuwa na takwimu zote.

Tuzo nazo zina tarehe za kuzaliwa. Tuzo za All Stars za kamogi, ambazo huwapa heshima wachezaji 15 bora wa mwaka, mmoja kwa kila nafasi, zilianza mwaka 2004. Gemma O'Connor, aliyeichezea Cork kuanzia 2002 na kuaga timu ya kaunti mwaka 2021, alipata 11, pamoja na medali 9 za ubingwa wa daraja la juu. Angela Downey, ambaye wengi humhesabu kuwa mshambuliaji mkubwa kuliko wote, alishinda medali yake ya mwisho mwaka 1994, miaka kumi kabla ya tuzo hizo kuanza. Ukiwaweka wawili hao katika jedwali moja lenye safu ya All Stars, Downey atapata sifuri isiyomstahili. Afadhali kutaja kwamba alichaguliwa katika Timu ya Karne, iliyotangazwa mwaka 2004 kuadhimisha miaka 100 ya mchezo. Mills naye yumo katika timu hiyo.

Mavazi huonekana kuwa jambo dogo, lakini yana nafasi yake. Wachezaji walilazimika kucheza wakiwa na sketi, na baadaye sketi yenye kaptula ndani, hadi tarehe 22 Mei 2025, mkutano maalumu wa chama ulipopiga kura kwa asilimia 98 kuruhusu kaptula. Wiki chache kabla ya hapo wachezaji wa Dublin na Kilkenny walikuwa wameingia uwanjani wakiwa na kaptula na kuamriwa wakabadilishe. Ikiwa bingwa unayemwandika alicheza mwaka huo, tukio hilo ni sehemu ya habari zake.

Hesabu medali kwa uangalifu

Idadi ya medali ndiyo namba ambayo msomaji ataikumbuka, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kukaguliwa zaidi. Kagua kwanza daraja. Ubingwa wa Ireland Yote upo wa daraja la juu, la kati na la chini, na kaunti zenye nguvu hupeleka kikosi chao cha pili katika madaraja ya chini. Habari isemayo kwamba mchezaji ana medali tano za Ireland Yote yaweza kuwa imechanganya madaraja mawili, pamoja na mashindano ya vijana.

Kisha kagua mchezo wenyewe. Rena Buckley ana medali 18 za daraja la juu, na ni rahisi kuinakili namba hiyo kana kwamba yote ni ya kamogi. Ukweli ni kwamba 11 ni za kandanda ya Kigaeli ya wanawake, mchezo mwingine wa Ireland ambao mpira huchezwa kwa mikono na kwa miguu, alioucheza katika klabu ya Donoughmore na kaunti ya Cork, na 7 ni za kamogi. Kandanda hiyo ina chama chake kilichoanzishwa mwaka 1974, na kamogi ina chama chake kingine. Ratiba zao hugongana, na mchezaji wa michezo miwili hujikuta akidaiwa na makocha wawili katika wiki moja. Kuzitenganisha medali hizo hakupunguzi sifa za Buckley. Ukizitenganisha ndipo msomaji anapoona kwamba mtu mmoja, asiyelipwa, alikuwa katika vikosi viwili bora vya nchi kuanzia 2005. Aliongoza kama nahodha kikosi cha kandanda kilichotwaa ubingwa mwaka 2012 na kile cha kamogi mwaka 2017, jambo ambalo hakuna mwingine wa Cork aliyekuwa amelifanya kabla yake. Rekodi ya kamogi pekee inabaki kwa Kay Mills, mwenye medali 15 kati ya 1942 na 1961.

Namba hiyo ya Mills inafundisha tahadhari nyingine. Ukiorodhesha miaka ambayo Dublin ilitwaa kombe kuanzia 1942 hadi 1961 utapata 16, si 15. Mwandishi anayehesabu medali za mchezaji kwa kuhesabu makombe ya kaunti yake, bila kutafuta kikosi kilichocheza kila fainali, atamzawadia moja isiyo yake. Kosa hilo ni rahisi zaidi kwa kaunti zilizotawala kwa muda mrefu, kama Dublin iliyoshinda mara kumi mfululizo kuanzia 1957 hadi 1966, au Kilkenny iliyoshinda saba mfululizo kuanzia 1985 hadi 1991.

Mwaka wa ubingwa wa klabu unahitaji jicho la pekee. Fainali ya klabu za Ireland Yote mara nyingi imechezwa baada ya mwaka mpya kuanza. Slaughtneil, kwa mfano, ilitawazwa Machi 2017 kuwa bingwa wa msimu wa 2016. Chagua utaratibu mmoja, ama msimu ama tarehe ya mechi, uutaje mara moja, na usiubadilishe katikati ya makala.

Namna ya kuandika matokeo

Matokeo ya kamogi huandikwa kwa magoli, kistari, kisha pointi. Fainali ya mwaka 2019 iliisha Galway 3-14, Kilkenny 0-17. Msomaji wa Kiswahili asiyeelekezwa atadhani 3-14 yenyewe ndiyo matokeo, yaani timu moja ilipata tatu na nyingine kumi na nne. Kwa hiyo mara ya kwanza andika kwa kirefu: Galway ilipata magoli 3 na pointi 14, jumla 23, na Kilkenny ilipata pointi 17 bila goli lolote. Baada ya hapo tumia ufupisho. Fainali hiyo ni mfano mzuri wa kufundishia, kwa sababu Kilkenny iliupitisha mpira juu ya mtambaapanya mara nyingi kuliko Galway na bado ikashindwa kwa tofauti ya pointi sita.

Utaratibu huo huo hutumika kwa mchezaji mmoja mmoja: aliyefunga 2-3 amechangia pointi 9. Tofautisha pia pointi zilizopatikana mchezo ukiendelea na zile za mipira ya adhabu, kwa kuwa mpigaji wa adhabu wa timu hukusanya pointi nyingi ambazo mwenzake aliyechezewa vibaya hatajiwi. Kwa beki kama O'Connor, ufungaji hausemi lolote la maana. Tafuta katika ripoti za mechi alimkaba nani na mpinzani huyo alipata nini.

Mechi chache, zielezwe vizuri

Mechi mbili au tatu zikielezwa kwa utulivu zitamfanya msomaji amjue mchezaji kuliko orodha ya fainali zote. Kwa Buckley ningechagua fainali ya 2017 katika uwanja wa Croke Park. Mwaka mmoja kabla, Kilkenny ilikuwa imeinyang'anya Cork kombe. Safari hii Cork ilishinda 0-10 kwa 0-9, na pointi ya ushindi ilifungwa katika dakika za nyongeza na Julia White, mchezaji aliyetoka benchi. Goli halikupatikana upande wowote. Hapo unahodha wa Buckley hauonekani katika ufungaji, na mwandishi asimtafutie goli la kubuni. Inatosha kueleza mechi iliyobana kiasi hicho, kisha kusema ni nani aliyelipokea kombe.

Kwa Angela Downey kuna kisa kinachosimuliwa kila mahali, cha fainali ya 1989 dhidi ya Cork, ambapo alikabwa hadi sketi yake ikamtoka na bado akautia mpira wavuni. Kitumie, lakini kisiwe kichekesho cha kufungulia makala. Kikiwekwa baada ya maelezo ya namna alivyocheza, kinaonyesha kwamba hakuwa mtu wa kusimama kabla mpira haujaingia. Kikitangulia, medali 12 zinageuka kuwa maelezo ya chini ya kisa cha sketi.

Downey anahitaji pia uangalifu wa kifamilia. Ana dada pacha, Ann, aliyecheza kiungo katika timu hiyo hiyo na mwenye medali 12 vilevile, na baba yao, Shem Downey, alishinda ubingwa wa halingi akiwa na Kilkenny mwaka 1947. Ripoti inayotaja "Downey" bila jina la kwanza isitumike kama ushahidi wa Angela hadi ihakikishwe kwa ripoti nyingine. Angela alikuwa na umri wa miaka 15 alipocheza fainali yake ya kwanza mwaka 1972, ambayo Kilkenny ilipoteza mbele ya Cork, na medali ya kwanza ikaja mwaka 1974. Miaka hiyo miwili ya kusubiri isirukwe. Wasifu unaoanza na ushindi humnyima msomaji nafasi ya kuona kaunti ambayo ilikuwa bado haijalitwaa kombe hata mara moja.

Majina na kumbukumbu

Wachezaji wengi wa zamani huonekana katika kumbukumbu kwa majina mawili, la kuzaliwa na la ndoa. Katika Timu ya Karne, Mills ameandikwa Kathleen Mills-Hill, na Downey ameandikwa Angela Downey-Browne. Tafuta kwa majina yote, na utafute pia umbo la Kiayalandi la jina, kwa maana mtu mmoja aweza kuandikwa Mary katika gazeti moja na Máire katika lingine. Alama za juu ya herufi zibaki kama zilivyo. Ripoti ya gazeti la siku ile na programu ya mechi vina uzito kuliko makala ya kumbukumbu iliyoandikwa miaka thelathini baadaye, hasa kuhusu nani alianza, nani alitoka benchi na nani alikuwa nahodha.

Kustaafu, kisha sentensi ya kwanza

Neno kustaafu litumike kwa kipimo. Mchezaji anayetangaza kuiaga kaunti mara nyingi huendelea na klabu yake kwa miaka kadhaa, kwa hiyo andika kwamba aliiaga timu ya kaunti, wala si kwamba aliacha kamogi, isipokuwa kama una uhakika. Wengine hurudi kwa kazi nyingine. Ann Downey alikuwa meneja wa Kilkenny ilipotwaa kombe mwaka 2016, ushindi wa kwanza wa kaunti hiyo tangu ule wa 1994 ambao yeye mwenyewe alicheza. Kay Mills alifariki mwaka 1996, na leo kombe la daraja la chini linalowaniwa na kaunti ndogo lina jina lake.

Sentensi ya kwanza ya wasifu iandikwe baada ya haya yote kukamilika, na ibebe mambo manne: klabu, kaunti, miaka na ubingwa, kila kimoja kikiwa na jina lake sahihi. Kwa Buckley yaweza kuwa hivi: "Rena Buckley wa klabu za Inniscarra na Donoughmore aliichezea kaunti ya Cork, ambako kati ya 2005 na 2017 alishinda medali 7 za ubingwa wa Ireland Yote katika kamogi na 11 katika kandanda ya Kigaeli ya wanawake, na akawa nahodha wa bingwa katika michezo yote miwili." Ni sentensi ndefu, lakini kila kipande chake kinaweza kukaguliwa na mtu mwingine. Sifa kama "malkia" au "gwiji" zikihitajika, ziwekwe baada yake.